Siku ya Kupumzisha Visima

Aliyetaka habari za ukanda ule wa mashamba hakuhitaji kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni kwa Bodi. Alipita kwa Kengele. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa, lakini hata mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikufa akimwita hivyohivyo. Lilianza na sauti: mwanamke yule akicheka jikoni kwake, mbwa wa nyumba ya tatu walibweka. Kisha jina likapata na kazi. Bodi ya Visima ilipoanzishwa na kila ukanda ukatakiwa kutoa mjumbe, wakulima walitazamana, wakamtazama yeye, na mmoja akasema, "Tuhangaike nini na kengele tunayo?"

Kazi ilikuwa hiyo kweli. Nje ya ofisi ya Bodi iliningʼinizwa rimu ya gurudumu la lori, na Kengele ndiye aliyekabidhiwa nondo ya kuigonga.

Kabla ya Bodi, kila mtu alivuta maji ya ardhini kama anavyovuta pumzi. Mwenye pampu kubwa alikunywa kwanza, mwenye ndogo akalamba. Visima vikaanza kukauka kimoja kimoja, watu wakazidi kuchimba, mwenye uwezo akichimba chini ya jirani yake, mpaka ikawa salamu za asubuhi ni, "Chako kinatoa?" Ndipo ikaja Bodi na mita kwenye kila pampu na tozo kwa kila uniti. Watu walipiga kelele: ati tulipie maji aliyoyaweka Mungu? Wakapiga kelele msimu mmoja, wa pili wakazoea.

Waliloshindwa kulizoea ni Kipimo.

Kipimo kilikuwa kisima chembamba chenye mfuniko wa chuma, kwenye kona ya shamba la vitunguu la Kengele. Hakuna aliyechota pale. Mwanzo wa kila msimu pampu zote za ukanda zilizimwa kuanzia adhuhuri hadi asubuhi ya pili, maana maji yanayovutwa huinama, na yakiinama hayapimiki. Lazima yaachwe yatulie yarudi mahali pake. Asubuhi hiyo fundi wa Bodi, kijana mrefu waliyembatiza Futi, alikuja na utepe wake akauteremsha kisimani. Ncha ikigusa maji, utepe ulilia. Hapo watu wote walichungulia jambo moja tu: rangi. Utepe ulikuwa mweupe kwa sehemu kubwa ya urefu wake, halafu ukabadilika kuwa mwekundu. Ukilia ilhali mdomoni mwa kisima umeshikwa weupe, maji yako juu vya kutosha, kila mtu anamwagilia kama kawaida. Ukilia mkono wa Futi umeshafika kwenye wekundu, basi msimu mzima kila pampu inapewa nusu ya maji na tozo inapanda mara mbili.

Miaka yote ulilia mweupe. Mwaka jana ulilia mweupe, lakini Futi aliukamata karibu kabisa na wekundu, na watu walirudi makwao bila kuongea.

Mwaka huu, basi, woga ulitangulia kabla ya siku yenyewe. Mama Pilipili, jirani na shoga wa Kengele, mjane aliyekuwa amepanda pilipili shamba zima na kukubaliana na mnunuzi gunia kwa gunia, alikuwa anaingia jikoni kwa Kengele kila asubuhi bila hodi.

"Shoga, nimeota nyekundu."

"Ulikula nini jana?"

"Usinitanie. Nikipewa nusu ya maji, ningʼoe nusu ya shamba. Mnunuzi nitamwambia nini? Nimpe nusu ya pilipili na nusu ya uso?"

Kengele alicheka, mbwa wakabweka, lakini mkono wake uliokuwa unamenya viazi ulisimama. Vitunguu vyake yeye vilikuwa vimeanza kuvimba udongoni. Kitunguu kikikosa maji wakati ule hakikusubiri. Kilibaki kidogo kama kifungo cha koti.

Na kama vile haitoshi, nyumba ilijaa. Baba mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mzee, alikuwa ametoka hospitali kufanyiwa upasuaji wa tumbo, na ukoo mzima ulikuja kumwona. Walikuja na mikeka, na watoto, na marafiki wa watoto. Wifi yake Kengele, dada mkubwa wa mumewe, alifika wa kwanza na kutangaza kwamba haondoki mpaka baba yake atembee hadi chooni mwenyewe. Kengele aliyapenda mambo hayo. Nyumba tupu ilimtia homa. Alipika, akapakua, akasikiliza umbea wa miji mitatu kwa wakati mmoja, na ilipofika adhuhuri ya kupumzisha visima alijifunga kanga kiunoni, akaenda kuigonga rimu, akarudi, na kwa mkono wake mwenyewe akateremsha swichi kubwa ya pampu kwenye nguzo ya shambani. Mita ikasimama. Akaisogelea akahakikisha. Kisha akarudi kwa wageni.

Asubuhi yake, ukanda mzima ulikuwa umeizunguka kona ile ya shamba. Hata wasiopenda kuamka walikuwapo, hata mwenyekiti wa Bodi aliyekuwa na kisukari na hakupenda kusimama. Futi alifungua mfuniko, akaanza kuuteremsha utepe polepole, mkono kwa mkono. Weupe ukapita. Watu walikuwa kimya kiasi cha kusikia utepe ukikwaruza ukingo. Weupe ukazidi kupita.

"Lia," alinongʼona Mama Pilipili. "Lia, mwanangu, lia."

Weupe ukaisha.

Wekundu ukaanza kuingia kisimani, na utepe haukulia. Futi alimtazama mwenyekiti, akaendelea. Urefu wa mkono. Urefu wa mtu. Ndipo ukalia, kijisauti chembamba cha kifaranga, na hakuna aliyesogea.

"Rudia," alisema mwenyekiti.

Futi akarudia. Ukalia palepale.

Kelele zilizofuata zingeweza kujaza kisima. Mwaka mmoja tu, maji yameshuka urefu wa mtu? Haiwezekani! Futi mwenyewe alikuna kichwa akasema kweli, si kawaida, maji hushuka kidogo kidogo. Yakionekana yameanguka ghafla namna hii, mara nyingi kuna pampu ya karibu iliyofanya kazi usiku.

Angemwaga petroli ingekuwa nafuu. Maana kanuni ya Bodi kila mtu aliijua: ikithibitika kuna aliyevuta maji siku ya kupumzisha, kipimo hakihesabiki, kinarudiwa, na aliyevuta pampu yake inafungwa msimu mzima. Kwa maneno mengine, akipatikana mwizi, ukanda una tumaini. Asipopatikana, hauna. Ghafla watu wote wakawa wanamtafuta mwizi kwa shauku kama ya kumtafuta mtoto aliyepotea.

Na macho yalikwenda yalikozoea kwenda.

Mgeni alikuwa ameishi pale miaka kumi na moja. Aliolea pale, akazalia pale, lakini alikuja na lori lenye vitu vyake na lafudhi isiyo ya pale, kwa hiyo alibaki Mgeni. Alikuwa na pampu kubwa kuliko wote, shamba lake lilipakana na Kipimo upande wa pili, na kosa lake baya kuliko yote, hakupenda kukaa kwenye vikao vya watu.

"Mimi nilizima," alisema. "Nendeni mkaisome mita yangu."

"Mita inasomwa mwisho wa mwezi," Mama Pilipili alimjibu. "Jana adhuhuri nani aliisoma? Nani ajue ilikuwa ngapi?"

"Basi mnataka nifanye nini?"

"Useme ukweli!"

"Ndio nimeusema, mama."

"Umekuja juzi unataka kutukausha!" alipaza sauti mtu nyuma, na wengine wakaitikia. Mwenyekiti aliinua fimbo yake, akasema jambo hili si la kusemewa juu ya kisima. Kikao alasiri, ofisini, na Mgeni aje ajieleze.

Kengele aliwapa mgongo akaondoka, na watu walioona walidhani ni hasira. Alikuwa na huzuni tu, ya kawaida, kama ya wenzake. Alirudi nyumbani akipanga namna ya kuyasema mabaya hayo kwa Mzee bila kumpasua nyuzi za tumbo.

Uani alimkuta wifi yake amesimama katikati ya kamba za nguo. Kamba zote zilijaa. Mashuka, mapazia, mablanketi ya nyumba nzima, hata vitambaa vya makochi, vyote vikipepea.

"Wifi, nimekufulia kila kitu!" wifi alimwambia akijisifu. "Jana tangu mchana hadi tunalala. Watoto nimewaogesha wote, mmoja nimemwogesha mara mbili nikidhani ni mwingine. Lakini nyumba yenu hii ina baraka, nikwambie. Kwangu tangi likichotwa asubuhi, saa tisa linalia njaa. Lenu? Jana kutwa nachota, nachota, halipungui. Hata usiku lilikuwa linafurika lenyewe, maji yanaimba kwenye mfereji. Nikalala usingizi mtamu, kama mvua."

Kengele alisimama na kanga yake nusu imefunguka.

"Linafurika?"

"Mpaka alfajiri, ndipo likanyamaza lenyewe! Baraka, wifi. Mshukuruni Mungu."

Kengele aliinua macho juu. Tangi la nyumbani lilikuwa juu ya mnara wa chuma nyuma ya jiko, na ndani yake lilikuwamo boya ambalo Mzee mwenyewe alilifunga enzi za nguvu zake. Maji yakishuka, boya linashuka, pampu inawaka. Maji yakijaa, boya linapanda, pampu inazima. Waya wa boya Mzee aliupitisha kwa nyuma, haukupita kwenye swichi kubwa ya nguzoni, kwa sababu siku hizo hakuna aliyewaza siku ya kupumzisha chochote. Miaka yote Kengele alizima swichi ya shamba, na miaka yote tangi lilitosha watu wa nyumba mpaka asubuhi, boya halikushuka, na hakuna aliyelikumbuka. Kinyozi hajinyoi. Aliyewagongea watu kengele alikuwa amelala juu ya pampu yake.

Na lilikuwa na ugonjwa, boya lile. Likishuka chini sana lilingʼangʼania. Kila mtu wa nyumba ile, hata watoto, alijua: ukisikia tangi linafurika, unachukua ufito unagonga ubavu wa tangi mara mbili, boya linashtuka, pampu inazima. Lakini jana nyumba ilijaa wageni, na mgeni akisikia maji yanafurika kwenye mfereji unaokwenda kwenye vitunguu hagongi tangi. Anasema baraka, anageukia upande wa pili. Kengele na Taratibu, waliowaachia wageni vyumba vya nyuma, walilala mbele ya nyumba wasisikie kitu.

Mfereji. Kengele alikimbia hadi shambani kwake, kwenye matuta yaliyo karibu na nyumba. Udongo ulikuwa mweusi, umelowa, na majani ya vitunguu yamesimama kama masikio ya punda. Kutoka pale hadi Kipimo, mtu angetupa jiwe likafika.

Mumewe aliitwa Taratibu, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Kengele alimkuta chumbani kwa Mzee akimgeuza ubavu. Alimvuta hadi kwenye stoo ya mbolea, akafunga mlango, akamweleza kwa sauti ndogo ambayo Taratibu hakuwahi kuisikia tangu amwoe.

Taratibu alikaa juu ya gunia. Alifikiri kwa muda mrefu kama kawaida yake, huku Kengele akitamani kumtikisa.

"Nani mwingine anajua?"

"Wifi anadhani ni baraka."

"Basi iwe baraka."

"Unasema nini?"

"Nasema hivi. Alasiri watamwona Mgeni ana kosa. Kipimo kitarudiwa. Leo mimi naling'oa boya, maji yanatulia, kesho utepe unalia mweupe, ukanda unapona. Mama Pilipili anapona. Sisi tunapona." Alianza kuhesabu kwa vidole. "Na wewe ukisema, kipimo kitarudiwa vilevile. Ukanda unapona vilevile. Tofauti ni kwamba pampu inayofungwa ni yetu. Na baba yuko kitandani, vitunguu viko udongoni, na nyumba ina watu kama stendi."

"Na Mgeni?"

"Mgeni ana lori. Ana shamba lingine kwao alikotoka."

"Mume wangu."

"Nini?"

"Hujaniangalia tangu uanze kusema."

Taratibu aliangalia mikono yake. "Nikikuangalia sitaweza kusema," alijibu.

Hawakufika mwisho wa mazungumzo hayo, maana wifi aliugonga mlango akiuliza iko wapi sufuria kubwa. Kengele alitoka. Alipika chakula cha mchana, akakipakua, akacheka mahali pa kucheka, lakini kicheko hakikuwashtua mbwa. Kila bomba lilipofunguliwa uani, aligeuka kutazama. Kila aliyesema jina la Mgeni, na walilisema sana, tena wageni wale ambao hawajawahi hata kumwona, alihisi kama wamemtaja yeye. "Mwizi wa maji hana haya," shangazi mmoja wa Taratibu alisema akinyonya mfupa. "Kwetu angepigwa." Mzee kutoka chumbani kwake aliuliza kwa nini kelele zimekuwa nyingi na kwa nini leo tangi limenyamaza. Taratibu alikuwa juu ya mnara wakati huo, na bisibisi mkononi.

Alasiri ikafika.

Ofisi ya Bodi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, ramani ya visima ukutani, feni iliyozunguka kwa uvivu na viti vya plastiki visivyotosha. Waliokosa viti walijaa madirishani. Mgeni alikaa mbele peke yake, na viti viwili vya kulia kwake na viwili vya kushoto viliachwa vitupu, ingawa watu walikuwa wamesimama. Mkewe alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Kengele alikuja wa mwisho na kikapu. Mama Pilipili alikuwa amemshikia nafasi. "Njoo shoga, kaa. Leo tunammaliza."

Alikaa. Kikapu alikiweka mapajani, akakishika kwa mikono miwili.

Mwenyekiti aliuliza mambo yaleyale, na Mgeni akajibu yaleyale. Alizima adhuhuri aliposikia rimu. Hakuwasha. Mkewe ni shahidi. Mkewe si shahidi, watu wakasema. Mke ni nguo moja na mumewe. Je, wakati wa usiku aliondoka nyumbani? Hakuondoka. Kwa nini pampu yake ni kubwa hivyo? Kwa sababu aliinunua kubwa. Watu wakaguna.

"Mwenyekiti, tusizungushane," Mama Pilipili alisema akisimama. "Mimi sina chuki na mtu. Mimi nataka kipimo kirudiwe, basi. Mimi nina shamba moja. Huyu bwana akubali tu, yaishe. Akubali! Sisi si wakatili, hata kumfungia tunaweza kumfungia nusu msimu." Kisha akamgeukia Mgeni mwenyewe, akasema kama anayeomba chumvi, "Ndugu yangu, kubali tu. Utapungukiwa nini?"

Na hapo Kengele aliona jambo lililomtisha kuliko yote ya siku ile. Mgeni alikuwa anafikiria. Alitazama viti vitupu kulia na kushoto, akamtazama mkewe mlangoni, akafungua mdomo kama mtu aliyechoka kubeba mzigo na sasa anatafuta tu mahali pa kuutua, hata kama si pake.

"Labda kama nikisema—" alianza.

"Usiseme!"

Sauti ile ilirudi yote kwa mara moja. Feni yenyewe ilionekana kusita. Kengele alikuwa amesimama, na kikapu kimeanguka, na mkononi ameshika boya la plastiki jeusi lenye waya, bado linachuruzika. Akaliweka juu ya meza ya mwenyekiti. Maji yake yakatambaa kuelekea kwenye karatasi, na mwenyekiti akazisogeza.

"Hiki nini?"

"Huyu ndiye mwizi mnayemtafuta," Kengele alisema. "Ametoka kwenye tangi langu."

Akaeleza. Hakupamba, yeye aliyekuwa akipamba hata habari ya kuku kuvuka njia. Waya wa nyuma, tangi, wageni, mablanketi, mfereji. Alipofika kwenye wifi na baraka, mtu mmoja dirishani alicheka, kisha akajuta. Futi aliliinua boya, akaligeuzageuza, akauliza pampu ilikuwa ya nguvu kiasi gani, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, alisema. Kwa umbali ule, usiku kucha, inatosha kabisa kuyavuta maji ya Kipimo chini.

Kisha Mama Pilipili, bila kumwangalia, alikisogeza kiti chake kidogo, kama upana wa kiganja, kutoka kwenye kiti cha Kengele.

"Mjumbe wetu mwenyewe," alisema. "Kengele yetu."

Kanuni ilisomwa. Mwenyekiti aliisoma haraka kwa aibu. Pampu ya Kengele ifungwe msimu mzima, ya shamba na ya nyumba, kwa kuwa ni moja. Rimu igongwe tena jioni ile ile, visima vipumzike, kesho kipimo kirudiwe. Alipomaliza, watu walisimama na ule uso wa watu waliopona. Wengine walianza hata kutaniana. Mwizi amepatikana, utepe utalia mweupe, yamekwisha.

"Nani atagonga?" Futi aliuliza akiwa ameshika nondo.

Wakatazamana tena, kama siku ile ya kuchagua.

"Agonge mwenyewe," alisema Mgeni. Ndilo neno pekee alilosema. Akamshika mkewe mkono wakaondoka.

Akagonga mwenyewe. Futi alikuja naye nyumbani kufunga waya wa Bodi kwenye pampu, na wifi, aliyekuwa ameshaambiwa, alikaa uani katikati ya mablanketi yake yaliyokauka, akilia kwa sauti kwamba yeye ndiye aliyeiua nyumba ya kaka yake. "Nyamaza, wifi, watakusikia," Kengele alimwambia. "Si wameshasikia?" wifi akajibu, akaendelea. Mzee alipoelezwa alisema boya lile lilikuwa boya zuri, lilikuwa linataka tu kuzoewa.

Usiku Kengele hakulala, lakini safari hii kulikuwa na kitu cha kushikilia. Vitunguu vimekwenda, sawa. Mama Pilipili atamsamehe utepe ukilia mweupe. Lia mweupe, alisema gizani. Nimelipa. Lia mweupe.

Asubuhi watu walikuwa wengi kuliko jana. Walikuja kama wanaokuja harusini. Kengele alisimama pembeni, nyuma ya watu, kwenye shamba lake mwenyewe, na Taratibu kando yake. Futi akafungua mfuniko. Utepe ukaanza kushuka.

Weupe ukapita. Weupe ukapita. Mama Pilipili alikuwa ameuma kidole.

Futi alipunguza mwendo. Weupe uliobaki mkononi mwake ulikuwa kama dhiraa moja. Kisha shubiri. Kisha mstari wenyewe, pale weupe unapokutana na wekundu, ukafika mdomoni mwa kisima, na Futi akaushikilia hapo, akangoja, kana kwamba maji yanaweza kujisogeza yenyewe kumsaidia.

Kimya.

Akateremsha kidogo. Wekundu wa upana wa kiganja ukaingia kisimani. Utepe ukalia.

Hakuna aliyesema rudia. Futi alirudia mwenyewe, tena na tena, mpaka mwenyekiti alimgusa bega. Kijisauti kile cha kifaranga kililia palepale kila mara.

"Yamepanda sana," Futi alisema, kama anayeomba radhi. "Kutoka jana yamepanda urefu wa mtu mzima. Hii ya jana ilikuwa pampu kweli. Lakini hiki kilichobaki..." Alionyesha kiganja chake. "Hiki ni maji yenyewe."

Watu hawakupiga kelele. Jana kulikuwa na wa kumpigia. Leo walikitazama kisima, wakatazama mashamba yao, na kila mmoja alikuwa anahesabu kimoyomoyo matuta ya kuyaacha. Mwenyekiti alisema nusu ya maji kwa wote, tozo mpya, tangazo litabandikwa. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama viatu.

Mama Pilipili alikuja pale alipo Kengele. Alisimama mbele yake, na Kengele alijiandaa kwa tusi lolote, alilistahili.

"Nilikuwa nakuombea mabaya usiku kucha," Mama Pilipili alisema. "Nasema, Mungu, iwe ni yeye. Iwe ni yeye peke yake." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Heri ungekuwa wewe, shoga. Heri ingekuwa wewe."

"Hata mimi niliomba hivyo," alisema Kengele.

Wakasimama bega kwa bega. Ikabaki kuruhusu pampu ziwake. Futi alimletea Kengele nondo bila kuuliza, na yeye akaenda hadi kwenye rimu akagonga mara mbili fupi, kama ilivyo desturi. Miaka mingine watu walikimbilia swichi zao wakisukumana. Leo waliondoka wakitembea.

Nyumbani hapakuwa na tone. Wageni walikuwa wanafunga mizigo, kila mmoja na udhuru wake, na Mzee alikuwa anataka maji ya kunywea dawa. Kengele alichukua ndoo, akatoka, akasimama njiani bila kujua aende kwa nani. Mlango wa kwa Mama Pilipili ulikuwa umefungwa. Alipogeuka alimwona Mgeni kwenye mpaka wa shamba, amesimama kando ya bomba lake.

"Lete ndoo, jirani," alisema.

"Sijui nikwambie nini."

"Usiniambie. Mgonjwa anasubiri."

Aliiweka ndoo chini ya bomba, naye akafungua. Bomba halikutoa maji. Lilikohoa, pumzi ndefu ya hewa, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito, kisha likatema tope kidogo, kisha hewa tena. Mgeni hakuondoa mkono kwenye koki. Kengele hakuondoa macho kwenye ndoo. Baadaye maji yakaja, mekundu kwanza kwa udongo, kisha meupe, yakaijaza ndoo hadi juu.

Hakuna aliyekitaja kikohozi kile cha bomba. Kengele aliinua ndoo akajitwisha, akaenda polepole, asimwage.